Farasi Jike wa Kazi Nzito: Funzo Lake kwa Mwenye Punda



Asubuhi moja alikuja ofisini kwetu mzee mmoja wa skimu, kofia mkononi. Punda wake jike alikuwa amezaa siku ya Jumatatu. Siku ya Alhamisi alimfunga mkokotenini apeleke maziwa ya ng'ombe kituoni, kisha ateke maji, kisha alete kuni. Mtoto alifungiwa nyumbani ili asisumbue njiani. Mama aliondoka saa moja asubuhi, akarudi saa kumi jioni. Mambo yalikwenda hivyo kwa siku sita, na siku ya saba mtoto akafa.

"Bwana Karani," akaniuliza, "mbona punda huyu hana maziwa? Au ametazamwa na jicho baya?"

Nami, kwa kutojua, nilimjibu vibaya. Nilimwambia, "Mzee wangu, huenda huyo ni wa mbegu isiyo na maziwa. Afadhali umuuze utafute mwingine." Akaenda zake amekubali.

Kabla ya kuingia ofisi ya kilimo nilisomea ualimu, na mwalimu akikosea ubaoni hufuta, akaandika upya. Jibu la kweli nililipata baadaye, niliposoma habari za farasi wakubwa wa kazi wa Ulaya, ambao maziwa yao yamepimwa kwa uangalifu kwa miaka mingi. Punda ni ndugu wa farasi. Kiwele chake kimejengwa kama cha farasi, na mtoto wake hunyonya kama mtoto wa farasi. Kwa hiyo tuanze na farasi, halafu tutarudi kwa punda wako.

FARASI HAWA NI WA NAMNA GANI

Farasi wa mbio ni mwepesi, uzito wake kilo 450 au 500 hivi. Farasi wa kazi nzito ana umbo jingine. Jike mmoja huwa na kilo 700 na zaidi, kifua kipana, miguu minene na shingo yenye nguvu. Waingereza wana Shire na Suffolk, Waskoti wana Clydesdale, Wafaransa wana Percheron na Breton, na Wabelgiji wana farasi wa Brabant. Huko Urusi madume wa Brabant na wa Ardennes walipandishwa kwa majike wa wenyeji, na baada ya miaka mingi ya kuchagua zikapatikana mbegu mbili mpya za farasi wa kazi nzito, zilizotambuliwa rasmi mwaka 1952.

Kabla ya trekta kuenea, farasi jike wa mkulima wa Ulaya alikuwa na kazi mbili. Alivuta plau na gari, tena alizaa mtoto wa kuuzwa. Wakulima wengi hawakuwa na dume. Wakati wa majira ya kuchipua, dume bora aliongozwa kwa miguu kutoka shamba hadi shamba, na kila mwenye jike akalipa ada.

Pengine utauliza mbona farasi hawa hawakuenea kwetu. Sababu moja kubwa ni ugonjwa wa farasi wa Afrika, ambao huenezwa na usubi na huua farasi wengi sana. Punda huuvumilia vizuri zaidi. Ndiyo maana mizigo ya mashamba yetu imevutwa na maksai na punda.

Baada ya vita vya 1939 hadi 1945, trekta liliwaondoa farasi wengi mashambani huko Ulaya. Lakini katika Urusi majike wazito walipata kazi nyingine, nayo ni kukamuliwa. Watu wa Kazakhstan, Kirgizia na Bashkiria wamekamua farasi tangu zamani sana, wakayachachusha maziwa yawe kinywaji kiitwacho kumisi. Mwaka 1858 daktari Nestor Postnikov alifungua karibu na mji wa Samara nyumba ya kuwatunza wagonjwa wa kifua kikuu kwa kumisi. Leo kifua kikuu kinatibiwa kwa dawa za hospitali, wala mtu asiache dawa kwa ajili ya kinywaji. Lakini kumisi bado inapendwa huko, na kwa kuwa inauzwa, wafugaji walitaka kujua hasa farasi jike anatoa maziwa kiasi gani.

KIWELE KIDOGO, MAZIWA MENGI

Farasi jike anayelishwa vizuri hutoa kila siku maziwa yapatayo sehemu 2 hadi 3 kwa kila sehemu 100 za uzito wake. Basi jike wa kilo 700 hutoa kati ya kilo 14 na 21 kwa siku. Maziwa huongezeka hadi mwezi wa pili hivi baada ya kuzaa, kisha hupungua polepole.

Sasa inama utazame chini ya tumbo lake. Utaona kiwele kidogo chenye chuchu mbili tu. Kiwele cha ng'ombe kina nafasi kubwa ndani ya kuweka maziwa, ndiyo maana unaweza kumkamua alfajiri na jioni. Cha farasi hakina ghala kama hilo. Kikijaa kabisa hubeba kama lita 2 tu.

Je, lita 18 zitatoka wapi katika chombo cha lita 2? Wahenga walijibu zamani: haba na haba hujaza kibaba. Mtoto wa farasi katika juma la kwanza hunyonya mara kadhaa kila saa, mchana na usiku, akipata kidogo kila mara. Kiwele kinajaa, kinamalizwa, kinajaa tena. Kikijaa na asiwepo wa kukimaliza, mwili wa mama hupunguza kutengeneza maziwa. Hali hiyo ikiendelea siku nyingi, maziwa hukauka.

Umeona sasa kosa langu? Punda wa yule mzee hakuwa na mbegu mbaya, wala hapakuwa na jicho la mtu. Tangu saa moja asubuhi hadi saa kumi jioni kiwele kilikuwa barabarani na mdomo ulikuwa nyumbani. Jioni mtoto alikuta maziwa ya kiwele kimoja tu kilichojaa, badala ya yale ya mara nyingi ambayo yangetengenezwa mchana kutwa. Na kila siku iliyopita maziwa yalikuwa machache kuliko jana.

HESABU YA WAKAMUAJI

Wakamuaji wa farasi wanaijua sheria hii, na wanaifuata. Hawaanzi kumkamua mama mpaka mtoto atimize mwezi mmoja hivi na kuanza kutafuna majani. Asubuhi mtoto hutengwa karibu, mahali ambapo mama anaweza kumwona. Mama hukamuliwa kila baada ya muda wa saa 2 au 3. Jioni mtoto hurudishwa, na maziwa yote ya usiku ni yake.

Chukua kalamu tufanye hesabu. Mtoto ametengwa saa mbili asubuhi. Mama amekamuliwa saa nne, saa sita, saa nane na saa kumi, na kila mara ametoa lita moja na nusu. Jumla ni lita 6 kwa muda wa saa 8. Siku nzima, mchana na usiku, ina saa 24, yaani mara tatu ya muda huo. Kwa hiyo mama anatengeneza lita 18 kwa siku. Mkamuaji amepata 6 na mtoto atapata 12. Hata pale ambapo maziwa ni biashara, fungu kubwa ni la mtoto.

Kuna kipimo kingine kisichohitaji kukamua. Katika mwezi wa kwanza, kilo 10 hivi za maziwa humwongezea mtoto kilo 1 ya uzito. Mtoto wa farasi mzito akiongezeka kilo moja na nusu kwa siku, ujue mama anatoa kilo 15 hivi. Mtoto ndiye mizani ya mama yake. Mtoto asiponenepa, usianze kumlaumu mama. Uliza kwanza ananyonya mara ngapi.

MAZIWA YENYEWE

Katika sehemu 100 za maziwa ya farasi, mafuta ni kama 1 na kidogo, protini ni kama 2, na sukari ni zaidi ya 6. Katika maziwa ya ng'ombe, mafuta hukaribia 4, protini ni zaidi ya 3, na sukari hukaribia 5. Maziwa ya farasi ni mepesi na matamu, nayo ya punda yanafanana nayo. Maziwa mepesi hufaa kunywewa kidogo kidogo na mara nyingi.

Kwa sababu hiyo, usidhani kwamba mtoto wa punda aliyefiwa na mama ataishi kwa kupewa kibuyu cha maziwa ya ng'ombe asubuhi na kingine jioni. Tumbo lake litaharibika. Sukari ya mezani nayo haimfai mchanga, maana tumbo lake haliwezi kuimeng'enya. Mwite mganga wa mifugo akuonyeshe namna ya kuyatayarisha, nawe uwe tayari kumlisha kidogo mara nyingi, hata usiku.

SIKU YA KUZAA

Mimba ya farasi huchukua siku 340 hivi. Siku chache kabla ya kuzaa huonekana matone kama nta kwenye ncha za chuchu. Mara nyingi huzaa usiku, naye huzaa upesi. Maji yakishapasuka, mtoto yafaa awe nje kwa muda wa nusu saa. Akikawia, usingoje kupambazuke. Tafuta msaada wa mganga saa ile ile.

Baada ya hapo shika hesabu hii nyepesi: moja, mbili, tatu.

Kabla ya saa 1 kupita, mtoto awe amesimama.
Kabla ya saa 2 kupita, awe ananyonya.
Kabla ya saa 3 kupita, kondo la nyuma liwe limetoka.

Hiyo ya pili ndiyo ya uhai. Maziwa ya kwanza, yaani dang'a, yana kinga ya magonjwa. Mtoto wa farasi hapati kinga hiyo tumboni mwa mama, hupewa katika dang'a tu. Tena mlango wa kinga hiyo hufungwa upesi. Siku moja ikipita, tumbo haliwezi tena kuipokea. Mtoto aliyekosa dang'a anaweza kuonekana mzima leo, akafa juma lijalo kwa ugonjwa mdogo.

Hiyo ya tatu inawahusu sana majike wazito, kwa maana kwao kondo hukwama mara nyingi. Usilivute kwa mkono wala usilifungie jiwe. Kipande kikibaki ndani, sumu huingia katika damu, na mnyama anaweza hata kuharibika kwato, asisimame tena vizuri. Saa 3 zikipita, mwite mganga.

KUSHIKA MIMBA TENA

Farasi jike hutaka dume upesi baada ya kuzaa, kwa kawaida kati ya siku ya 7 na ya 10. Akikosa, hurudi baada ya siku 21 hivi. Tufanye hesabu tena. Mwaka una siku 365, mimba ni siku 340. Zinabaki 25. Mfugaji atakaye mtoto kila mwaka ana siku 25 tu za kumpatia jike mimba mpya.

Je, ni busara kumpandisha katika joto lile la kwanza? Wafugaji wazoefu hutazama kwanza. Ikiwa alizaa kwa shida, au kondo lilichelewa, au amekonda, humwacha mpaka joto linalofuata, karibu siku ya 30, wakati tumbo la uzazi limepona. Ni afadhali kupoteza majuma matatu kuliko kupoteza mimba. Tena usitamani mapacha kama ya mbuzi. Farasi jike akibeba mapacha, mara nyingi hupoteza wote wawili.

Huko Ulaya majike hutaka dume wakati siku zinapokuwa ndefu, basi anayechelewa hukuta msimu umekwisha. Kwetu, karibu na ikweta, mchana ni ule ule mwaka mzima. Yafaa tupange uzazi kwa kufuata mvua, ili mtoto azaliwe majani yakiwa tele.

GHALA MOJA, WACHUKUAJI WANNE

Fikiri ghala moja la mahindi lenye watu wanne wanaochukua humo. Wa kwanza ni mwili wenyewe wa mama. Wa pili ni kazi. Wa tatu ni maziwa. Wa nne ni mimba. Katika miezi ya kwanza ya kunyonyesha, farasi jike anahitaji chakula chenye nguvu karibu maradufu ya kile kinachomtosha akiwa amepumzika. Jike mkubwa anyonyeshaye huweza kunywa zaidi ya lita 50 za maji kwa siku, yaani debe mbili na nusu.

Ukimpa pungufu, hataacha kunyonyesha mara moja. Atatoa maziwa kwa kula nyama ya mwili wake. Hapo ndipo mwenyewe hudanganyika, akasema, "Mbona mtoto ananyonya na mama anavuta?" Tazama mbavu. Zikianza kuhesabika, ghala linakwisha. Jike wa namna hiyo atasumbua sana kushika mimba, na akishika huenda asiifikishe.

Mtoto tumboni hukua zaidi katika miezi mitatu au minne ya mwisho. Kwa hiyo mtoto wa nje huachishwa ziwa akiwa na miezi 5 au 6, ili yule wa ndani apate zamu yake. Mfugaji mwema hawaachi wanne wachukue kwa nguvu siku moja.

SASA TURUDI KWA PUNDA WAKO

Punda jike hubeba mimba kwa siku 365 hadi 375 hivi, yaani mwaka mzima au kuupita kidogo. Fanya hesabu ile ile ya siku 25. Utaona hazipo. Punda hawezi kuzaa kila mwaka, hata umfanyeje. Ukimwacha na dume muda wote, atakuwa na mimba au mtoto au vyote viwili maisha yake yote, na mkokoteni juu yake. Mtoto mmoja kwa miaka miwili ni kipimo kizuri kwa punda wa kazi.

Shika mambo haya:

1. Miezi mitatu ya mwisho ya mimba mpunguzie mizigo, na mwezi wa mwisho apumzike kabisa.

2. Akizaa, kumbuka moja, mbili, tatu. Hakikisha kwa macho yako kwamba mtoto amenyonya dang'a.

3. Mwezi wa kwanza baada ya kuzaa asifungwe mkokotenini. Najua maziwa hayangoji na maji lazima yatekwe. Patana na jirani mapema: mwaka huu punda wake akubebee madebe, mwakani wako ambebee yeye.

4. Akirudi kazini, aanze na safari fupi, na mtoto aende naye bila kufungwa kwenye gari. Simama mara kwa mara anyonye. Hupotezi wakati, unalinda mali yako.

5. Mpe majani ya kutosha, mabua ya maharage, lusini kidogo ukiwa nayo, chumvi, na maji safi kila arudipo. Usimpe kamwe mahindi yaliyoota ukungu. Sumu yake huharibu ubongo wa farasi na punda, nao hufa.

6. Dume akae mbali mpaka utakapoamua mwenyewe. Usipandishe jike ambaye mbavu zake zinaonekana.

7. Mwachishe mtoto akiwa na miezi 6 hivi, wala usimtwike mzigo. Mifupa yake haijakomaa mpaka apite miaka mitatu.

Yule mzee je? Nilipokwisha kuelewa nilipanda baiskeli nikaenda kwake, maana nilijua siku ya soko iko karibu. Nilimkuta punda amefungwa kamba mpya, tayari kuuzwa kesho yake. Nikamwambia, "Mzee wangu, nilikosa. Punda wako ni mzima. Tuliyakata maziwa sisi wenyewe." Alinitazama kwa muda, akaenda akaifungua ile kamba.

Mwaka mmoja na nusu baadaye punda alizaa tena. Mwezi ule madebe ya maziwa yalibebwa na punda wa jirani. Sasa ukipita njia ya kituo asubuhi utawaona: mama mbele ya mkokoteni, mtoto ubavuni, na mzee amesimama kando ya barabara anangoja mtoto amalize kunyonya.

MASWALI YA KUJIBU KATIKA BARAZA LENU

1. Kiwele cha farasi hubeba lita 2 tu. Eleza jinsi anavyoweza kutoa lita 18 kwa siku.

2. Jike amekamuliwa lita 5 kwa muda wa saa 6. Anatengeneza lita ngapi kwa siku nzima?

3. Kwa nini dang'a ya kesho kutwa haimsaidii mtoto aliyezaliwa leo?

4. Kwa nini punda hawezi kuzaa kila mwaka?

5. Katika baraza lenu, ni nani mwenye punda mwenye mimba sasa, na ni jirani yupi atakayembebea mizigo mwezi atakapozaa?